Waraka kwa Waoka Mikate wa Karagwe na Kyerwa

Kwenu waheshimiwa waoka mikate, wakaanga maandazi, mama lishe, wenye migahawa na wenye nyumba za kulala wageni, kuanzia Kihanga hadi Kayanga, na kutoka Omurushaka hadi Nkwenda, Isingiro, Kaisho na Murongo mpakani.

Natumaini moto unawaka na hamira haijaadimika madukani. Huku mashambani hatujambo. Kahawa inakauka, migomba inasimama licha ya mnyauko, na watoto wanaenda shule. Nina neno nanyi, na naomba mlipokee kama linavyotoka kwa mteja wenu wa miaka mingi ambaye hajawahi kuwakopa.

Kwanza niwape haki yenu. Mkate wenu wa slesi siku hizi ni mweupe na mwepesi kiasi kwamba mtu akiula saa moja asubuhi, ikifika saa nne anajiuliza kama alikunywa chai tupu. Hafukeki zenu ni imara. Nimeona moja ikidondoka kutoka kwenye bodaboda inayotembea pale Omurushaka, ikafika chini nzima, na mwenyewe akaipangusa akaendelea na safari. Chapati zenu sizisemi, maana nikizisema nitaanza kuzitamani na waraka huu hautaisha. Sina ugomvi na mikono yenu. Ugomvi wangu ni na jibu mnalotupa tukiuliza kilichomo.

Msimu uliopita wa kahawa nilipokea mgeni. Ni mkulima mwenzangu kutoka miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale nchini Uganda, na ni Myahudi. Najua kuna atakayeuliza alitua na ndege gani kutoka Yerusalemu. Alikuja kwa basi, kupitia Kampala, Masaka na Mutukula, akavuka daraja la Kyaka. Ni Mwafrika kama mimi na ninyi, wa jamii ya Abayudaya. Jamii hiyo ilianza mwaka 1919, wakati Semei Kakungulu, jemadari aliyewatumikia Waingereza kisha akakosana nao, alipoamua kushika Agano la Kale kama lilivyoandikwa, akatahiriwa yeye na wanawe. Miaka ya 1970 Idi Amin akaipiga marufuku ibada yao. Ni Amin huyo huyo aliyetuvamia Kagera mwaka 1978, na ni majeshi yake yaliyolilipua daraja la Kyaka. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndipo Pasaka yao ilipoingia. Kwa hiyo mgeni wangu alipofika hakuanza kuulizia bafu wala chaja ya simu. Aliniambia kwamba amelipita daraja, na kwamba kwao mkoa wetu unatajwa kwa heshima.

Alikuja kuangalia tunavyovuna, tunavyokausha na tunavyouza kupitia vyama vya msingi, maana nako kwao kuna ushirika wa kahawa, Mirembe Kawomera, ulioanzishwa mwaka 2004, ambamo Wayahudi, Waislamu na Wakristo wanapeleka kahawa yao sokoni pamoja. Mtu wa kuheshimiwa. Ana mambo mawili tu yanayohitaji uangalifu. Anashika Sabato, inayoingia Ijumaa jua likizama, na kuanzia hapo hapiki wala hawashi moto. Na tumbo lake halipatani na ngano. Alipimwa damu, akapimwa utumbo, akaambiwa ana ugonjwa wa siliaki.

Ijumaa mchana basi, tukatoka kwa pikipiki kumtafutia kitu cha kuokwa au kukaangwa kisicho na ngano, tukiwahi kabla ya saa moja jioni. Ndugu zangu, nilitoka nyumbani kichwa juu. Hii ni nchi ya ndizi, muhogo, mtama na ulezi. Nani akose cha kula hapa kwa sababu ya ngano?

Centa sitaitaja. Ipo barabara ya kwenda Nkwenda, na aliyekuwa kwenye karai anajijua. Alikuwa anakaanga kabalagala, zile za ndizi mbivu zilizopondwa, ukubwa wa kiganja, za rangi ya kahawia iliyokolea, amezipanga juu ya gazeti lililokwisha kulowa mafuta. Harufu ilitufikia kabla hatujazima pikipiki. Nikauliza, “Dada, umetumia unga gani?” Akasema, “Wa muhogo, baba.” Nikamgeukia mgeni kwa ushindi. Lakini mgeni aliyezoea kuumwa huuliza mara ya pili. “Hakuna ngano?” Dada akatabasamu kwa upole kabisa: “Ipo kidogo tu, ya kushikisha.”

Tukaomba mihogo ya kukaanga, maana muhogo ni muhogo. Akatutolea vipande vizuri, kwa kijiko kile kile, kutoka kwenye mafuta yale yale ambamo maandazi mawili na sambusa moja iliyopasuka zilikuwa zinaogelea pamoja nayo. Chini ya karai ungeona makombo meusi ya ngano ya tangu asubuhi, kama si ya tangu jana.

Tukasogea mbele kwenye duka lenye tanuri, ambako wanauza kitu kinachoitwa mkate wa ndizi. Kwenye mfuko wamechora ndizi mbili kubwa zenye kung’aa. Nilipouliza, kijana akaeleza kwa fahari kwamba wanaweka unga wa ngano kilo nyingi, sukari, siagi, na ndizi moja moja ya kutia harufu. Kwa hesabu yangu, ndizi iliyochorwa nje ni kubwa kuliko iliyomo ndani.

Mwisho tukafika kwenye nyumba ya wageni ya heshima, ya vigae na maua ya plastiki mezani. Nikamweleza mhudumu polepole: huyu mzee haruhusiwi kula mkate, ngano inamdhuru. Mhudumu akasikiliza, akasikitika, akaenda jikoni kushauriana, akarudi na suluhisho. “Haina shida, mzee. Tutamtengenezea chapati.”

Waitu, mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, wenyeji tukabaki wazima, na yeye karibu augue.

Nieleze kwa kifupi kinachomsumbua, kwa sababu nimeona nyusoni mwenu kwamba mnadhani ni maringo. Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna protini iitwayo gluteni. Ndiyo inayofanya kinyunya kivutike mkononi na kishike hewa ya hamira, mkate ukaumuka. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili ikikutana na gluteni inaushambulia utumbo wake mwembamba, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinabapa. Anakula lakini hashibi mwilini. Tumbo linajaa, anaharisha, damu inapungua, na akiwa mtoto anadumaa. Dawa ni moja: kuacha kabisa, maisha yote. Kipimo cha kimataifa cha chakula kinachostahili kuitwa hakina gluteni ni kisichozidi miligramu 20 kwa kilo moja. Sasa tupige hesabu ya ile “kidogo tu ya kushikisha.” Gramu moja ya unga wa ngano, yaani kiasi cha ncha ya kijiko, ina miligramu 80 hadi 100 za gluteni. Inatosha kuharibu kilo nne au tano za chakula. Dada yangu wa karai hakutia ncha ya kijiko. Alitia konzi, kwa nia njema.

Wapo watakaosema huo ni ugonjwa wa Wazungu, tusiletewe. Mwaka 1999 madaktari walichapisha matokeo ya vipimo vya watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu, ambao wazee wao walikuwa wafugaji wa ngamia kabla mkate haujawa chakula chao cha kila siku. Zaidi ya watoto watano katika kila 100 walikuwa na siliaki. Ulaya, wanaotajwa kuwa wenyewe wa ugonjwa, wanakaribia mmoja katika 100. Na vipimo vyake, damu kwanza kisha kipande cha utumbo, si vya kila zahanati, kwa hiyo msingoje cheti cha daktari ndipo mumwamini mteja anayewaambia kwamba ngano inamuumiza.

Historia ya ugonjwa huu ina kisa ambacho mtu wa Karagwe anapaswa kukijua hata kama hatakumbuka kingine katika waraka huu. Mwaka 1924, kabla mtu yeyote hajajua kwamba adui ni ngano, daktari mmoja wa New York aitwaye Sidney Haas alichapisha habari za watoto waliokuwa wamekonda hadi kukaribia kufa. Aliwaponya kwa ndizi. Aliwanyima mkate na vyakula vingi vya wanga, akawalisha ndizi mbivu kwa wingi, wakanenepa, wakarudi kucheza. Kwa miaka kadhaa hospitali za Marekani zililisha watoto hao ndizi zilizosafiri baharini. Haas aliamini ndizi ndiyo dawa. Kumbe dawa ilikuwa mkate ulioondolewa mezani. Aliyelifumbua fumbo hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeushuku mkate tangu miaka ya 1930, na tasnifu yake ya mwaka 1950 ikaonyesha kwamba ngano ndiyo mkosaji.

Basi New York walikuwa wanaagiza ndizi kutoka ng’ambo ya bahari ili mtoto apone. Sisi tunaozikanyaga njiani, mgeni akifika tunaificha ndizi jikoni kwa aibu, tunamletea slesi mbili na chai ya maziwa, tunaona tumemheshimu.

Narudi kwa mgeni wangu, maana jioni ile ndiyo niliyojifunza. Nilimwomba radhi kwa niaba yenu, akacheka, akasema hata kwa Wayahudi wenyewe mtu wa siliaki hana raha. Mikate yao inayojulikana duniani ni ya ngano. Mkate wa Sabato, challah, ni wa mayai, unasukwa kama nywele, na mezani inawekwa miwili kukumbuka mana iliyoshuka maradufu siku ya kuitangulia Sabato. Ile ya mviringo yenye tundu, bagel, inachemshwa kwanza ndipo inaokwa. Na sheria yao imefunga mlango zaidi: baraka ya mkate husomwa tu juu ya mkate wa nafaka tano, yaani ngano, shayiri, rai, oti na ngano moja ya kale. Wakatoliki wa Jimbo la Kayanga wasiwacheke, kwani mwaka 2017 Vatikani, kwa waraka wa Kardinali Robert Sarah wa Guinea, ilikumbusha kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai kwa misa. Inayoruhusiwa ni yenye gluteni kidogo. Hapo angalau “kidogo” imepimwa.

Hata mikate isiyotiwa chachu, ile tunayoisoma katika kitabu cha Kutoka, ni ya ngano. Tangu maji yaguse unga hadi mkate utoke motoni haziruhusiwi kupita dakika 18, la sivyo kinyunya kinahesabiwa kimeanza kuchacha na chote kinatupwa. (Nimefikiria mara kadhaa jinsi sheria hiyo ingepokelewa na wale wanaokanda asubuhi kinyunya cha kukaangwa jioni.) Katika zile nafaka tano ni oti pekee isiyo na gluteni hiyo, mradi ilimwe na kusagwa mbali na wenzake, na ndiyo inayookewa mikate ya Pasaka ya watu wa siliaki. Ipo, inatengenezwa Uingereza, lakini haipatikani Mbale, wala msiitafute Kaisho.

Lakini kuna upande wa pili. Siku za Pasaka Myahudi haruhusiwi kuwa na ngano iliyochacha ndani ya nyumba, hata chembe. Sasa mwanamke wa Kiyahudi wa Poland au Moroko afanye nini, na watoto wanataka keki? Alioka bila unga wa ngano. Alisaga lozi, akatumia wanga wa viazi, akapiga ute wa mayai hadi ukasimama, akaoka keki inayoumuka bila gluteni yoyote. Akakuna nazi, akachanganya na ute na sukari, akaoka vitu ambavyo mtu wa Pwani angevitazama akasema hizi ni kashata zilizoingia tanurini. Wapo Wayahudi wa madhehebu ya Hasidi ambao Pasaka yote hawalowanishi ule mkate usiotiwa chachu wala hawautii kwenye mapishi, kwa hiyo keki zao za siku hizo hazina ngano hata kidogo. Katika miji yenye maduka ya Kiyahudi, watu wa siliaki wa dini zote hungoja msimu huo wakajaza makabati. Na hapa jirani, Wayahudi wa Ethiopia, ambao wengi wao walisafirishwa kwenda Israeli mwaka 1984 na 1991, walikula injera, mkate wa nafaka iitwayo tefu, tangu mababu, na tefu haina gluteni.

Kilichonikaa zaidi hata hivyo si keki. Ni usafi. Kabla ya Pasaka, alisema, nyumba inapekuliwa usiku kwa mshumaa, pembe kwa pembe, kutafuta kombo la mkate. Sufuria zinachemshwa, na aliyejaliwa ana vyombo vya Pasaka peke yake ambavyo mwaka mzima havitolewi kabatini. Vyombo vya nyama havichanganywi na vya maziwa. Mtu aliyelelewa hivyo haambiwi kwamba mafuta ya sambusa na mafuta ya muhogo ni kitu kimoja. Nikawaza karai la mchana ule, nikanyamaza.

Tulikula nini? Ndizi na maharage, vilivyoiva na kufunikwa kabla jua halijazama. Aliiombea ndizi baraka ya mazao ya ardhini, si ya matunda ya mti, akanieleza kwamba marabi wao waliamua hivyo zamani kwa sababu shina la mgomba hufa likishazaa. Nilishangaa. Wazee wa nchi ambako mgomba ni mgeni walikaa wakaujadili hadi wakajua tabia yake. Mwoka mikate wa Kayanga anapita katikati ya migomba kila alfajiri, akiwahi duka la jumla kununua ngano.

Na mkate ulikuwepo. Mke wangu aliishi Tanga ujanani. Alhamisi usiku, bila kumwambia mtu, alikuwa ameloweka mchele. Ijumaa akausaga na maziwa, kwa kuwa nazi huku ni bidhaa ya msafiri, akatia hamira, mayai, sukari na iliki, akauacha uumuke, akaumimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, akaweka mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Huo ndio mkate wa kumimina, ambao Zanzibar na Mombasa wanautengeneza bila hata kujua kwamba kuna ugonjwa wa ngano duniani. Ukatoka wa dhahabu, una vitundu vitundu ndani, na pembeni umeshika ukoko. Mgeni akasema kwa sheria yao huo si challah, tena hauhesabiki hata kuwa mkate. Kisha akala nusu yake.

Kwa hiyo, waheshimiwa, msiniambie haiwezekani. Pwani wana vitumbua vya mchele, na mofa za mtama zilizookwa kwenye tanuri la udongo tangu zamani. Ninyi mna kabalagala, ambayo kwa asili yake ni ndizi na muhogo basi, na haikuomba kushikishwa na mtu. Ikivunjika, punguzeni maji au ongezeni muhogo. Bibi zenu walijua. Ndizi mbichi zikimenywa, zikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa, zinasagika unga. Ulezi tunao, ila tumeuachia uji wa mzazi. Mtama tunao, ila tunaukumbuka siku ya kutengeneza rubisi. Na hapo niseme jambo litakalowakera: rubisi ni ndizi na mtama, wakati bia ya chupa ina shayiri. Mgeni wangu alikuwa salama zaidi kilabuni kuliko katika hoteli yenye vigae.

Mwaka 1861 mtawala wetu Rumanyika alimpokea msafiri Mwingereza, Speke, hapa Karagwe, akakaa naye zaidi ya mwezi. Wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Hakuna palipoandikwa kwamba mtawala aliona aibu kwa kukosa slesi. Leo tunategemea unga ambao sehemu kubwa ya ngano yake inatoka nje ya nchi, na hata inayolimwa hapa Tanzania inatoka mbali nasi, Hanang, Kilimanjaro Magharibi au Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, ngano ikapanda, na mkate wenu ukapungua kimyakimya ndani ya mfuko ule ule. Bei haikupungua nao. Migomba ya Kyerwa haikuwa na habari na vita hivyo.

Ninawaomba nini? Si kwamba muache ngano. Wengi wetu tunaila na tutaendelea. Naomba karai moja liwe la muhogo na kabalagala peke yake, na kijiko chake. Haligharimu zaidi ya faida ya siku chache za soko. Naomba ndizi iliyopikwa iwekwe mezani asubuhi bila kuombewa radhi. Wenye mashine za kusaga, sageni muhogo na mtama asubuhi kabla ya ngano, na unga wa mwanzo unaotoka baada ya ngano msimpe mtu aliyewaambia kwamba anaumwa. Wenye kufunga uji wa lishe, andikeni wazi kama mmetia ngano. Kwa watoto wengi haina neno, lakini yupo mama anayemkoroga mwanawe uji huo kwa bidii kila siku, na kila siku mtoto anazidi kuvimba tumbo.

Anayetaka kupeleka bidhaa yake mbali ajue kwamba tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako Bukoba kwa ajili ya wajasiriamali wa kima chenu. Msiandike “haina gluteni” kwenye mfuko kabla haijapimwa, maana hayo ni maneno makubwa na mteja wake akidanganywa anaishia hospitali. Chaki inatosha: “Hapa hatutumii ngano.” Na bei pandisheni kidogo kwa haki. Mtu aliyezunguka na njaa mchana kutwa habishani juu ya shilingi mia mbili.

Zaidi ya yote, tukiwauliza kilichomo, tuambieni kilichomo. Ukisema ngano ipo, mteja atakushukuru, atanunua mayai ya kuchemsha na kuondoka mzima.

Mgeni wangu ameniandikia kwamba msimu ujao atarudi, na safari hii anakuja na wakulima wenzake. Watalala Omurushaka, watapita Nkwenda, watafika hadi Murongo. Wanalipa taslimu. Mwenye karai la pekee au tanuri lisilopitisha ngano, awe Karagwe au Kyerwa, aniletee habari kabla ya mavuno. Nitawafikisha kwake Ijumaa mapema, kabla ya saa moja jioni.

Wenu mwaminifu,
Mkulima wa kahawa na migomba,
Bugene, Karagwe.